Kijiji cha babu kimemezwa na jirani: nani aliamua, na lini?

#1 Mjukuu wa Tembe
Wakuu habari za jioni.

Nina jambo linanikera tangu mwezi wa sita. Niko Dar, fundi umeme, ila kwetu ni Ugogoni, Dodoma. Kijiji sikitaji, maana nikikitaja tu nusu ya ukoo wangu iliyomo humu itanijua.

Babu amefariki, ameacha shamba la ekari kama kumi na moja hivi. Baba na ndugu zake wakakubaliana tuombe hati ya hakimiliki ya kimila mapema, kabla hatujaanza kutoana macho. Nikatumwa mimi. Nimefika ofisi ya kijiji, nimejaza fomu, pale penye jina la kijiji nikaandika lile ninalolijua tangu nazaliwa, ambalo babu alijitambulisha nalo hata misibani. Mtendaji akaitazama fomu, akatabasamu, akasema, "Hiki kijiji hakipo."

Nikamuuliza: hakipo, au hakijawahi kuwepo?

Akasema yeye mwenyewe ni mgeni, ana miaka minne tu pale. Anachojua, kwenye rejista yake kuna kijiji kimoja, chenye jina la majirani zetu wa ng'ambo ya korongo. Sisi ni kitongoji. Na hata hicho kitongoji hakina jina letu, kinaitwa Majengo.

Nimewauliza wazee watatu, nimepata majibu manne. Naomba wenye uelewa: vijiji viwili vya wakulima vinaunganishwaje? Nani mwenye mamlaka hayo, na jina la nani linabaki? Na shamba langu linafuata kijiji kipi?

Nawasilisha.

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa hapa. Mwenye karanga apitishe.

#3 Punje Moja
Majengo! Nchi hii kila ukienda kuna Majengo. Mkuu hamkuonewa peke yenu.

#4 Mzee wa Kobazi
Vijana mnahangaika bure. Jibu ni Operesheni Vijiji.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ikifika 1976 kila mtu awe ameshahamia. Nyie wa Dodoma mlianza hata kabla yetu, kwenye 1971, baada ya ile njaa ya 1969. Mwalimu mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali na wananchi. Tembe zikaonekana ni ushamba, watu wakaambiwa wajenge nyumba za mgongo.

Sisi Singida lori lilikuja alfajiri 1974. Nilikuwa darasa la nne. Mama alipakia mtungi, kuku wawili na jiwe la kusagia. Yule bwana wa kwenye lori akalishusha jiwe, akasema zito, huko mnakokwenda kutakuwa na mashine. Mashine tuliiona miaka sita baadaye. Tulishushwa porini penye vigingi vyenye namba, tukapangwa mistari kama wanafunzi. Watu wa vijiji vitatu mstari mmoja, kushoto kwangu hata lahaja siielewi vizuri. Nani angekumbuka jina la kijiji siku hiyo? Jina lenu lilifia hapo.

#5 Mjukuu wa Tembe
Asante mzee. Nyumbani nao wanaitaja Operesheni. Shida ni hii: bibi ana kadi yake ya TANU, imeandikwa 1976, na kwenye tawi kuna jina letu. Kama tulizikwa 1974, hiyo kadi imetoka kaburini?

#6 Punje Moja
Kadi ya TANU tena! Uzi umenoga. Weka picha, ficha jina la bibi.

#7 Wakili wa Kijiweni
Mleta mada, tuache machozi tuingie kwenye karatasi. Ilikuwepo Sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa, Na. 21 ya 1975. Kijiji kilisajiliwa pale Msajili aliporidhika kwamba kaya zisizopungua 250 zimeweka makazi. Mia mbili na hamsini, nyie mlikuwa wangapi?

Hapo ndipo wengi walipooana. Huku kaya 140, kule kaya 170, kila upande ukienda peke yake unafeli, mkijumlishwa mnafaulu. Hesabu ya darasa la pili. Anayebaki na jina ni yule aliyewahi kupeleka majina. Na hiyo kadi ya bibi haipingani na ninachosema. Tawi la chama lilikuwa jambo moja, kijiji jambo jingine.

#8 Mzee wa Kobazi
Wakili, rudia kuisoma sheria yako. Sheria hiyo hiyo ndiyo ilisema mwenyekiti wa tawi la TANU ndiye mwenyekiti wa kijiji, na katibu wa tawi ndiye katibu wa kijiji. Kijiji na tawi lilikuwa kabati moja lenye milango miwili. Kama 1976 walikuwa na tawi lao, walikuwa na mwenyekiti wao. Umejifunga goli mwenyewe.

#9 Wakili wa Kijiweni
Mzee hapo umenipata kiasi. Ila chama hakikuhama siku moja na serikali. Kadi zilikuwa zimeshaandikwa, muhuri wa zamani ukaendelea kugongwa mpaka wino ukakauka. Februari 1977 TANU na ASP zikaungana ikazaliwa CCM, kadi zikabadilishwa. Bibi akitoa na ile ya CCM tutaona tawi gani limeandikwa. Mjukuu, kamuulize.

#10 Siti ya Dirishani
Kwa hiyo hata vyama viliungana mwaka huo huo. Ulikuwa msimu wa kuungana.

#11 Dada Karanga
Mimi nina maelezo mengine, na nimeyaishi.

Baba yangu alikuwa karani wa ununuzi wa mazao. Mnakumbuka vyama vya ushirika vilivunjwa 1976? Baada ya hapo vijiji vyenyewe ndivyo vikawa vinakusanya mazao na kuyauza kwa mamlaka. Huku kwetu mtama na uwele walikuwa wananunua NMC, lile shirika la taifa la usagishaji. Sasa si kila kijiji kilipewa mizani na ghala. Walipewa waliokuwa barabarani, lori lisije likakwama.

Mizani ile naiona mpaka leo. Ya kuning'iniza, uso wa mviringo kama saa, ndoano chini. Ilikuwa inafungwa kwenye tawi la mti. Mshale wake ulikuwa na tabia ya kukwama penye arobaini, kwa hiyo kabla ya kila gunia baba alikuwa anagonga pembeni kwa kijiti cha mtama, tik tik, ndiyo anasoma. Wakulima walijua: kama hajagonga wanapiga kelele, "Karani, gonga!"

Ukishapimiwa unaandikiwa stakabadhi. Juu ya stakabadhi kuna jina la kijiji, na jina hilo ni la kijiji chenye mizani, hata kama wewe umetembea saa mbili na punda kutoka kwenu. Msimu wa kwanza watu walilalamika. Wa pili wakanyamaza. Wa tatu akija mgeni akauliza unatoka wapi, mtu anataja jina la kwenye stakabadhi, maana ndilo lenye hela. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kitu.

#12 Ngosha wa Ziwani
Kwa hiyo wenzetu wamemezwa na mizani. Sisi Wasukuma pamba yetu ilipimwa miaka yote na hakuna aliyebadilisha jina.

#13 Dada Karanga
Ngosha, nyie mizani ilikuwa kila kona. Usilinganishe pamba na uwele.

#14 Mwalimu Chaki
Wakuu, nimefundisha vijijini miaka 31. Tafuteni shule.

Novemba 1977 ilianza Elimu ya Msingi kwa Wote. Kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe. Kila kijiji kikataka shule, walimu hawakutosha, tukawa tunaletewa vijana waliotoka darasa la saba waje wafundishe huku wanajifunza. Palipokuwa na vijiji viwili vilivyokaribiana, shule ilijengwa katikati, na kamati ya shule ikawa moja. Kamati ya shule ikishakuwa moja, na kamati ya maji inakuwa moja, na mikutano inafanyikia shuleni kwa sababu ndipo penye kivuli na madawati. Baada ya miaka kumi wana serikali moja na hawakumbuki waliipataje.

Mjukuu, shule yenu inaitwaje? Usitaje jina, niambie ni la upande upi.

#15 Mjukuu wa Tembe
Mwalimu umenigusa penyewe. Shule ina jina LETU. Ila imejengwa upande WAO wa korongo.

#16 Punje Moja
Hahaha. Wao wamechukua kijiji, nyie mmechukua shule. Mahari imelipwa.

#17 Futi Kamba
Nimekuwa kwenye timu za upimaji wa mipaka ya vijiji kwa miaka kadhaa, naomba niongeze maji kwenye unga.

Nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000. Mimi sijawahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji watu wakanyoosha mikono wakisema tunaomba tuunganishwe na jirani. Sijawahi. Wote wanataka kugawanywa. Kijiji kipya maana yake mtendaji wenu, mwenyekiti wenu, matumaini ya zahanati yenu, na wajumbe kuanzia 15 mpaka 25 wa halmashauri ya kijiji, yaani vyeo hivyo vyote vinapatikana kwa kuchora mstari tu. Kwa hiyo kama nyie mliunganishwa, ni jambo la zamani na lilitoka juu. Kwa hiari ya wananchi? Siamini.

Halafu mpaka wa kijiji si lazima uwe umeandikwa popote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakubali mpaka uliopatikana kwa njia kadhaa, mojawapo ni halmashauri mbili jirani kukubaliana. Tukifika kijijini tunatembea na wazee wa pande zote mbili, kila kona wanasimama wanabishana chini ya mti, tukimaliza wanasaini wote. Nimeshaona mpaka ukikwama siku mbili kwa sababu ya mbuyu mmoja: upande mmoja unasema mbuyu uko ndani, mwingine unasema mbuyu NDIO mpaka. Tulichofanya tukasoma majira ya nukta, yaani namba za mahali kwenye ramani, katikati ya shina. Shina lenyewe watu sita hawalizunguki.

#18 Mtoto wa Bondeni
Futi Kamba, kwa heshima, hapo kwenye hiari napinga. Sisi Morogoro vijijini tuliungana kwa miguu yetu.

Mvua za El Nino za 1997/98 zilitukuta bondeni. Mto ukatoka njia yake ukapita katikati ya kijiji. Hakuna aliyetuamuru, tulipanda mlimani kwa majirani na magodoro kichwani. Tukapewa viwanja kwanza kwa muda. Mpunga tukaendelea kulima bondeni kule kule, jioni tunapanda kulala. Miaka miwili baadaye kijiji chetu kilikuwa na mwenyekiti asiye na mkazi hata mmoja, naye mwenyewe analala mlimani. Basi kikafa chenyewe.

Mpaka leo tunaitwa "watu wa mvua". Nimezaa, nimejukuu, bado ni mtu wa mvua. Ukigombea uenyekiti unaulizwa, kwani wewe si wa mvua? Makaburi ndiyo yalibaki bondeni, tukipata msiba mkubwa wapo wanaotaka kuzikwa kule, tunashuka nao.

#19 Siti ya Dirishani
Pole sana ndugu. Hili la makaburi limenikaa.

#20 Mkenya wa Mwea
Hamjambo majirani. Hapa kwetu mambo yalikuwa tofauti. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, Mwingereza aliwakusanya watu wa Mlima Kenya kwenye vijiji vyenye mitaro na walinzi ili wasiwapelekee Mau Mau chakula. Nyumba zilizoachwa zikachomwa. Halafu watu wakiwa wamefungiwa humo, vipande vya mashamba vikaunganishwa na kugawiwa upya. Wengi walitoka wakakuta shamba lina mwenyewe mwingine. Guka wangu, yaani babu, alisema alienda kijijini akiwa na vipande vitano, akatoka na kimoja.

Sisi kijiji ni kumbukumbu mbaya. Nyinyi mnalilia jina la kijiji, mimi nimeshangaa.

#21 Mzee wa Kobazi
Karibu Mkenya. Tofauti kubwa ni kwamba huku hakukuwa na hati binafsi za kugombea, ila kuchomewa nyumba pia kulikuwepo mahali pengi, tusijitakase. Na wapo waliokataa. Isimani, Iringa, sikukuu ya Krismasi 1971, mkuu wa mkoa Dk. Klerruu aliuawa na mkulima Mwamwindi shambani kwake. Naye akanyongwa. Hizi habari tulizisikia tukiwa wadogo, kwa sauti ya chini.

#22 Kijana wa Malagarasi
Mnaongea kama kuhamisha watu kulianza na Mwalimu. Sisi magharibi, Mwingereza alishawakusanya babu zetu miaka ya 1920 na 1930 kwa sababu ya malale. Ndorobo walikuwa wamejaa porini, serikali ikaona dawa ni kuwatoa watu walikotawanyika, kuwaweka pamoja na kufyeka pori pembeni. Kuna vijiji kwetu ambavyo vimehamishwa mara mbili, kwa malale halafu kwa Operesheni. Ukimuuliza mzee kwenu ni wapi, anakujibu kwanza, "Kwetu kwa lini?"

#23 Ngosha wa Ziwani
"Kwetu kwa lini?" Hiyo naiiba.

#24 Fundi Baiskeli
Mnaandika vitabu. Mleta mada, babu alihamishwa zaidi ya miaka 12 iliyopita. Kwenye ardhi ikipita miaka 12 imekwisha. Nenda Baraza la Kata likakupe hukumu, urudi Dar ukafunge nyaya.

#25 Wakili wa Kijiweni
Fundi, kila mstari wako una pancha.

Kwanza, miaka 12 ni ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi. Mjukuu hadai shamba kwa mtu, familia inalima yenyewe. Pili, tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha tu. Hukumu usitafute kule, wakishindwa kuwapatanisha mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tatu, na hapa Mjukuu sikiliza. Sheria Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, inasema ardhi yoyote aliyogawiwa mtu aliyetakiwa kuhamia kijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, ugawaji huo ni halali, uwe ulifuata sheria au uliikiuka. Soma tena: au uliikiuka. Serikali ilijua kabisa kwamba wakati wa Operesheni hakuna aliyekuwa na muda wa kufungua sheria.

Ilifika huko baada ya kushindwa njia nyingine. 1992 ilitungwa Sheria Na. 22 ya kufuta haki za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa, ili wale waliohamishwa wasirudi kudai mashamba ya zamani. Wakatokea watu wa Arusha, shauri la Mwanasheria Mkuu na Lohay Akonaay na mwanawe, likafika Mahakama ya Rufani. 1994 Mahakama ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali kama mali nyingine, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, huwezi kuifuta hivi hivi.

Sasa swali kwako: hizo ekari kumi na moja ndizo babu alizogawiwa kwenye mistari, au ni mahame aliyorudia mwenyewe baadaye?

#26 Mjukuu wa Tembe
Wakili hapo ndipo penye moto. Ni mahame. Kwenye mistari tulipewa kiwanja cha nyumba na shamba la pamoja ambalo halikuvunwa chochote. Babu alirudi kulima mahame yake 1984. Pale palikuwa na tembe la baba yake na zizi la ng'ombe, udongo mweusi wa samadi ya miaka mingi, mtama unakuzidi urefu. Hata mwaka wa ukame pale panatoa kitu.

Na si sisi tu tunaopapenda. Jirani wa magharibi, ambaye ni mtu wa ng'ambo, anasema mahame hayo yako ndani ya kijiji CHAO tangu zamani, kwa hiyo kama nataka hati nikubali kuandika kwamba eneo ni lao. Mimi nikamwambia kwani sasa si kijiji kimoja? Akasema, "Kwa mtendaji ndiyo. Kwa wazee bado."

#27 Punje Moja
Huyo jirani aje humu ajiandikishe, ana kipaji.

#28 Futi Kamba
Mjukuu usisaini maneno ya "eneo ni lao". Andika jina la kijiji kilichosajiliwa sasa, basi. Hati ya kimila inatolewa na halmashauri ya kijiji iliyopo leo, haijali babu yako alijitambulishaje msibani. Cha muhimu ni majirani wa pande zote wakiri mipaka ya shamba. Mpaka wa shamba na mpaka wa kijiji kilichokufa ni vitu viwili, yeye anavichanganya kwa makusudi.

#29 Mwalimu Chaki
Mimi narudi kwenye shule. Daftari la uandikishaji la shule huwa halitupwi. Tafuta la 1977 na 1978, kuna safu ya "kijiji atokacho". Utaona jina lenu lilikoma mwaka gani kuandikwa.

#30 Siti ya Dirishani
Swali nje ya mada. Timu ya mpira ya kitongoji inaitwaje?

#31 Mjukuu wa Tembe
Zipo mbili. Moja jina letu, moja lao. Zikikutana mgambo wanaitwa.

#32 Ngosha wa Ziwani
Kijiji kimoja derby yake. Mmeungana kwenye karatasi tu.

#33 Mjukuu wa Tembe
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilikwenda nyumbani.

Daftari la shule: la 1977 limeliwa na mchwa kuanzia katikati. Kurasa zilizobaki, watoto 14 wameandikiwa jina letu. La 1979 lipo zima, jina letu halimo hata mara moja. La 1978 halionekani. Mwalimu mkuu anasema alilikuta halipo.

Bibi, kadi ya CCM ameipata ndani ya kitenge. Tawi: jina lao. Kwa hiyo Wakili na Mzee mnaweza kuendelea.

Nilikwenda na baba mdogo mpaka kwenye mahame. Tembe limebaki tuta la udongo, ukitazama vizuri unaona kona. Kuna jiwe la kusagia limelala kifudifudi, nilipoligeuza upande wa chini umelika umekuwa kama bakuli. Mzee wa Kobazi, nilikukumbuka.

Sasa kali. Nilimfuata mzee wa ng'ambo, babu yake yule jirani mgomvi, nikamuuliza mlitumezaje. Akanitazama muda. Akasema, "Sisi? Sisi ndio tuliomezwa." Nikadhani utani. Akasema hilo jina lililoko kwenye rejista si lao. Wao waliitwa jina jingine kabisa, akalitaja, sijawahi kulisikia maishani. Hilo la sasa ni jina la korongo. Wakati wa kupanga mistari kibao kilichomekwa karibu na korongo, basi waandishi wakaandika jina la korongo. Wao wakadhani ni kijiji chetu kimechukua, sisi tukadhani ni chao. Miaka yote hii kila upande unamnunia mwenzake.

#34 Punje Moja
Aiseee.

#35 Mzee wa Kobazi
Si nilisema? Vigingi na mistari. Operesheni.

#36 Wakili wa Kijiweni
Operesheni ilichomeka kibao, mzee, sikatai. Ila kati ya 1977 na 1979 kuna mtu aliunganisha matawi. Hapo ni usajili.

#37 Mtoto wa Bondeni
Mimi huyo mzee simuamini moja kwa moja. Hata wenyeji wetu wa mlimani siku hizi wanasema wao ndio waliotukimbilia sisi.

#38 Dada Karanga
Mjukuu, ulimuuliza mizani ilikuwa inafungwa wapi?

#39 Mjukuu wa Tembe
Nilimuuliza dada. Kuna mkwaju mkubwa upande wao, karibu na shule. Alinipeleka. Kwenye tawi la chini kuna pete ya chuma, mti umekua umeimeza nusu, ukiigusa haichezi.

#40 Dada Karanga
Kesi imekwisha. Hiyo ni pete ya mizani.

#41 Mwalimu Chaki
Karibu na shule, tawi la chini? Hiyo ni ya kengele. Tulikuwa tunaning'iniza rimu ya gari tunagonga kwa nondo. Kila shule ilikuwa nayo.

#42 Dada Karanga
Mwalimu, rimu hufungwa kwa waya. Nani aliweka pete nzima kwa ajili ya rimu?

#43 Mjukuu wa Tembe
Nimempigia shangazi sasa hivi. Anasema nyote waongo, pale walikuwa wananing'iniza ng'ombe wakimchuna siku ya Saba Saba.